Somo la Nje ya Mlango

Jumatatu, 17 Machi

Ujumbe wa chuo umeingia kwenye simu nikiwa nafua. Mtihani wa marudio wa Miundo ya Data na Algoriti ni Alhamisi, tarehe 22 Mei. Chini yake kuna sentensi ninayoijua hata nikiwa usingizini: mwanafunzi akianguka somo mara ya tatu anafutwa chuoni. Mimi nimeanguka mbili. Masomo mengine yote ya miaka minne nimepita, mengine vizuri kabisa, lakini bila hili moja sina digrii. Nina hadithi tu.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumlilia hapa Gesima. Mume wangu Brandon yuko Lodwar kwenye kazi ya barabara. Mama mkwe, Mama Tryphosa, nikimwambia data atauliza kama ni bando. Na mimi mwenyewe ni Mkisii wa Nakuru, Ekegusii changu kinatosha kuomba chumvi na kusema asante, ndiyo maana wakwe zangu wananisemesha Kiswahili kama mgeni wa serikali.

Mvua imeanza saa tisa. Nguo zilikuwa bado kwenye kamba.

Jumatano, 19 Machi

Nimesoma kutwa, sijaelewa kitu. Basi niandike ni kitu gani sielewi.

Orodha yenyewe tunayoiandikia kompyuta si ngumu. Vitu vimefuatana, kila kimoja kimemshika mwenzake anayefuata, wa mwisho hajashika mtu. Shida ni kwamba wanataka uiandike orodha hiyo bila kujua itabeba nini. Pale ambapo mtu mwenye akili angeandika namba, au jina, wewe unaandika herufi T, maana yake kitu cha aina yoyote. Kisha eti uwapange, mdogo atangulie, mkubwa afuate. Nitampangaje mtu nisiyemjua? Kila nikiandika T, kichwa changu kinauliza T ni nani, na hapo ndipo mchana unapoisha.

Nimejaribu video. Wale vijana wanaongea kama wanakimbizwa, na bando inakwisha kabla hawajapumua.

Jumamosi, 22 Machi

Sabato. Hakuna kusoma, hakuna kufua, hakuna kukunja uso. Nimekunja.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimefanya kosa la aibu, na huenda ndilo litakaloniokoa.

Nilikuwa nimekaa kizingitini nalia, laptopu mapajani, waya umenyooka hadi ukutani kwa sababu betri yake ilikufa na ukichomoa tu inazima. Baba mkwe, Tata Manasseh, akapita akiswaga ng'ombe. Akasimama mbali kidogo, akaangalia migomba.

"Moka Brandon," yaani mke wa Brandon, "kuna nini?"

"Ni shule, Tata."

"Shule gani hiyo inaliza mtu mzima?"

Nikamwambia. Akauliza maswali mawili, na maswali yenyewe yakanifanya niache kulia. Nilijua alistaafu ualimu. Sikujua kwamba alifundisha hesabu na kompyuta chuoni huko Eldoret miaka yote hiyo. Kwa furaha nikasimama, nikafungua mlango wote, nikasema, "Karibu ndani, Tata, uone mwenyewe."

Akarudi nyuma hadi kwenye matope. Akaswaga ng'ombe, akaenda zake.

Mama Tryphosa ndiye aliyenieleza jikoni, bila kuacha kumenya ndizi. "Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata ikishika moto, anasimama nje anaita watu. Na wewe huingii pale analala. Hizo ni chinsoni. Kwani Nakuru mlikuwa mnaishi aje?"

Nilitaka ardhi inimeze. Heshima kati ya wakwe naijua, kila mahali ipo. Lakini sikujua kwamba ina kuta.

Jumatano, 26 Machi

Amerudi! Amekuja na kigoda chake, akakiweka nje chini ya dirisha langu, akakaa, mgongo ukutani, uso kwenye majani chai. Mimi ndani, laptopu mezani. Stima iko nyumba yangu peke yake, Brandon aliivuta kabla hajaondoka. Nyumba kubwa ya wakwe ina sola ya kuwasha taa tu. Kibaraza hatuna. Paa limetokeza kiasi cha kufunika kigoda kimoja na mtu asiyenyoosha miguu.

"Nikifika kwa mtu nasemaje?" akauliza kupitia dirishani.

"Hodi."

"Nikisema hodi, nimejua kuna nini ndani?"

"Hapana, Tata."

"Lakini najua kitu kimoja."

"Kwamba mwenyewe ataitika."

"Basi. T yako ni hiyo. Orodha yako haiingii kwa mtu. Inasimama nje, inaita. Inataka ahadi moja tu: nikiwaita wawili niwaulize nani mdogo, mnijibu. Ya ndani ni ya wenyewe." Akacheka kidogo. "Sisi zamani hatukuwa na hii. Unaandika orodha ya namba, unamaliza, unaanza tena ya majina. Ilikuwa kazi ya punda."

Nilikaa nimeshika mdomo. Walimu wangu wawili wa chuo walinieleza jambo hili kwa miezi, na huyu mzee amelieleza kwa sababu nilimfukuza kwa kumkaribisha.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kwenye mabati. Hakusikika mtu. Tumepoteza siku.

Ijumaa, 4 Aprili

Kuelewa ni jambo moja, kuandika ni lingine. Nikimwingiza mpya katikati ya orodha, mkia unapotea. Yaani wote waliokuwa nyuma yake hawapo tena, kama hawakuzaliwa. Leo umepotea kila nilipojaribu.

"Tena umemwachilia kabla hujamshika mwingine," Tata anasema. "Sikiza. Mpya amshike anayefuata kwanza. Ndiyo aliyetangulia sasa amshike mpya. Ukigeuza hiyo, hao wa nyuma utawapata wapi?"

Nimeandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani. Kisha nikageuza.

Jumanne, 8 Aprili

Mama Tryphosa amenichosha. Leo amesimama jikoni mikono kiunoni. "Wewe na baba mkwe wako mnaongea nini kutwa? Watu wa kituo cha majani chai wananiuliza, nakosa la kusema. Na huyo mzee ana presha. Anyeshewe juu ya hiyo T yenu?"

Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye anakuja. Akasonya. Nafikiri ana wivu. Kwa miaka yote ile hakuna aliyemsomesha yeye kitu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mkia umepotea.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Tata amesogeza kigoda karibu zaidi na dirisha ili tusikilizane, na maji ya paa yanamwangukia magotini. Nilimwambia tuache. Akasema, "Mei inaacha?" Akakohoa. Nikaendelea kusoma.

Jumatano, 16 Aprili

Brandon amepiga simu. Nilimwambia naogopa. Akasema, "Si ni pepa tu, mpenzi." Nilikata, nikasingizia mtandao.

Si pepa tu. Nina miaka ishirini na sita. Mama yangu huko Nakuru aliuza viazi vya karai hadi vidole vikakosa alama, na bado anawaambia wateja binti yake anasomea kompyuta. Nikifutwa, nani atamwambia? Nimeanza kuota mkia. Naota nimeushika na unateleza.

Ijumaa, 18 Aprili

Mkia umepotea. Nimetupa kikombe. Nimeokota vipande kabla jua halijatua na Sabato kuingia.

Alhamisi, 24 Aprili

Matope bado yako kwenye kucha zangu. Nitaandika hivyo hivyo.

Mama Tryphosa alikwenda soko la Nyaramba baada ya chakula. Tata akaja na kigoda. Mbingu ilikuwa nyeusi kuanzia asubuhi, lakini zimebaki wiki nne na hakuna kati yetu aliyesema tuahirishe. Tukaanza. Mvua ikaja, ikageuka mawe. Yeyote aliyekaa chini ya mabati wakati wa mvua ya mawe huku milimani anajua: hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe. Mimi nikaendelea kusoma mistari kwa sauti, nikijua hanisikii, ili tu mdomo uzoee.

Mawe yalipopungua nilikuwa nimefika pale pa kuingiza mpya, na nikageuza tena, nikasikia mwenyewe kwamba nimegeuza. Nikangoja aseme lile neno lake, tena umemwachilia. Hakusema.

"Tata?"

Kimya.

"Tata, hodi?"

Nikachungulia dirishani. Kigoda kimepinduka. Yeye alikuwa amelala ubavu kwenye mawe meupe, mkono mmoja chini yake, mdomo umekwenda upande.

Nilikimbia hadi mlangoni, na hapo nikasimama. Sijui nilisimama kwa muda gani. Mguu mmoja ndani, mwingine nje, na kichwani mwangu mlikuwa na chinsoni tu. Sijawahi hata kumpa mkono. Akinipa karatasi anaiweka dirishani, naichukua akishaondoa mkono. Nikapiga kelele kuwaita watu, mvua ikazimeza zote. Nyumba kubwa iko juu, njia yake matope matupu. Nyumba yangu ilikuwa hatua mbili.

Nikamshika kwapani, nikamvuta. Mzee mwembamba vile, lakini alikuwa mzito kama gunia la majani mabichi. Gambuti yake moja ikabaki matopeni. Nikamvusha kizingiti, nikamlaza sakafuni, nikamfunika blanketi la kitanda chetu. Jicho lake moja lilikuwa wazi. Akaangalia mabati ya nyumba ya mwanawe kutoka ndani kwa mara ya kwanza maishani mwake, halafu akalifumba, na machozi yakamtoka.

Hayo machozi nitakufa nayo.

Jirani yetu Anyona alikuja na pikapu nilipompigia simu. Mama Tryphosa alimkuta mumewe hospitalini Kisii. Aliniangalia miguu, nilikuwa peku.

Jumapili, 27 Aprili

Kiharusi. Upande wa kulia umekufa, ulimi nao umekufa. Daktari anasema ni presha, na dawa alikuwa anaruka siku nyingine. Baridi haikusaidia. Neno hilo, haikusaidia, nimelibeba tangu wodini hadi hapa.

Siruhusiwi kumuuguza. Mke wa mwana hawezi kumwosha baba mkwe wala kumgeuza kitandani. Mama Tryphosa yuko huko usiku na mchana, na mimi niko hapa na muda wote wa dunia wa kusoma. Ndiyo zawadi niliyopewa. Sijafungua laptopu.

Brandon kasema kwenye simu, "Kwa nini ulimlemea mzee?" Sikukata safari hii.

Jumatano, 30 Aprili

Mzee Ombui, ndugu yake Tata, amekuja na fimbo na kofia. Hakukaa. "Nyumba hii imeharibika," akasema. "Baba ameingia kwa mwanawe, na bibi ya mwana amemshika. Brandon akuje abomoe, ajenge ingine. Na wewe usilale hapa."

Mama Tryphosa alikuwa ametoka hospitalini kubadilisha nguo. Nilijua atakubaliana naye, maana tangu lini amenitetea? Akaweka beseni chini.

"Ombui. Aliingia na miguu yake?"

"Alivutwa."

"Sasa mtu akivutwa ameingia? Maiti ikibebwa kanisani, tunasema imeenda kuomba?" Akanyanyua beseni. "Na sisi ni Wasabato, hatuna mambo ya kubomoa. Huyu mtoto ndiye aliokoa bwana yangu. Wewe ulikuwa wapi?"

Ombui akaondoka. Nikaingia ndani nikalia kwa sauti. Nilimwita mwanamke huyu mwenye wivu. Alikuwa anaona mumewe akiloa, basi, na mimi sikutaka kuona.

Jumatatu, 5 Mei

Tata amerudi nyumbani. Alibebwa kutoka kwenye gari. Aliponiona uani aligeuza uso.

Jumanne, 6 Mei

Hataki hata nipeleke uji mlangoni. Mama Tryphosa anasema akisikia sauti yangu anafunika uso kwa mkono mzima. Anaona aibu kwamba nilimshika. Mimi naona aibu kwamba nilisimama kwanza. Tumekaa hivyo, nyumba mbili zimetazamana, mvua katikati.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwambia Mama Tryphosa kwamba siendi mtihani. Nilisema kwa upole, nilikuwa nimejipanga. Akaniacha nimalize.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulimi wa bwana yangu umeenda juu ya huo mtihani. Sasa unataka uende bure?"

Sijapigwa kofi hivyo tangu nizaliwe.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi nilisikia vitu vikiburutwa nyumba kubwa. Mama Tryphosa amehamisha kitanda. Amekisukuma peke yake hadi ukutani, chini ya dirisha la nyuma, dirisha likiwa wazi na pazia limeshushwa. Kisha akatoka, akachukua kile kigoda cha Tata, akakiweka nje chini ya dirisha hilo hilo.

"Kaa hapo. Huingii analala, na hamwonani. Nimempa fimbo kwa mkono ule mzima. Ukikosea atagonga. Usipokosea, atanyamaza. Mimi mambo yenu siyajui, lakini kugonga najua."

Nikakaa. Laptopu isingefaa huku, hakuna stima, nikachukua daftari. Mgongo wangu ukutani, uso kwenye majani chai. Nikasema, "Tata, ni mimi." Nilisoma mstari wa kwanza nikiogopa hatagonga kamwe, kwamba amefunika uso na basi.

Mstari wa tatu nikakosea. Ukuta ukagonga nyuma ya kisogo changu, polepole, mara moja.

Sijui kama nililia au ni mvua.

Jumatatu, 12 Mei

Fimbo nyingi. Nimeloa hadi kwenye mbavu.

Jumanne, 13 Mei

Sasa najua alivyokuwa anasikia magotini. Maji ya paa ni baridi kuliko maji ya mto. Mama ameniletea gunia la nailoni la kujifunika, na chai.

Alhamisi, 15 Mei

Fimbo yake haielezi. Zamani angesema kosa liko wapi, sasa anagonga tu, na mimi narudi nyuma mwenyewe kulitafuta. Wakati mwingine natafuta hadi natamani kubomoa ukuta. Leo nimegonga mimi kutoka nje, kwa hasira, na nikasikia kitu ndani kama kicheko kilichovunjika. Nilifurahi na nikaumia.

Mkia umepotea, fimbo. Umepotea, fimbo.

Jumatatu, 19 Mei

Mkia haukupotea. Nilisoma tena nihakikishe. Kimya. Ya tatu, nikageuza. Fimbo.

Mara mbili kati ya tatu si kitu cha kwenda nacho mtihani. Zimebaki siku mbili za kusoma.

Jumatano, 21 Mei

Siwezi kuandika. Mama Tryphosa ameomba kwa Ekegusii jioni, maombi marefu. Nilisikia jina langu, na nikasikia T.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeanguka.

Swali la kwanza, lenye alama nyingi kuliko yote: andika orodha ya kitu cha aina yoyote, uwaweke kwa mpangilio, mdogo atangulie. Ndilo lenyewe. Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Mimi niliandika, nikafuta, nikaandika, kalamu ikateleza kwa jasho, na msimamizi akaita muda nikiwa pale pale pa kumwingiza mpya. Niliandika mistari miwili ya mwisho nikiwa nimesimama na karatasi inavutwa mkononi. Nikatoka nje, na kila nilipokumbuka nilikumbuka nimegeuza.

Niliwaona wenzangu wa mtihani, watoto wa mwaka wa pili, wakicheka getini. Nikapita mbali.

Nyumbani sikumwambia mtu. Mama aliniangalia, akanipakulia, akaondoa sahani kama alivyoileta.

Ijumaa, 23 Mei

Leo mvua haikunyesha. Ni siku ya kwanza tangu nianze kuandika hapa ambayo saa tisa imepita kavu.

Nilikaa ndani hadi jioni. Matokeo yatachukua wiki kadhaa, lakini nilitaka kumwambia mwenyewe, kabla Sabato haijaingia, kwamba nimepoteza ulimi wake bure. Nikaenda nyuma ya nyumba kubwa. Kigoda kilikuwa pale pale. Nikakaa.

"Tata, nimerudi."

Kimya.

"Nitakusomea nilivyoandika jana. Sina daftari. Nitakumbuka tu."

Nikaanza mwanzo. Nodi, yaani kila mmoja kwenye orodha, na ndani yake T, na anayefuata. Kimya. Ahadi, kwamba T akiulizwa nani mdogo atajibu. Kimya. Orodha ikiwa tupu, mpya awe wa kwanza. Kimya. Tembea kutoka wa kwanza, ukiita kila mmoja, hadi umpate aliye mkubwa kuliko mpya, simama kabla yake. Nikafika ile mistari miwili niliyoandika nikiwa nimesimama. Nikafumba macho niuone ule wino.

"Mpya anamshika anayefuata."

Nikangoja. Ng'ombe alikuwa anatafuna karibu na migomba.

"Kisha aliyetangulia anamshika mpya."

Nikangoja tena. Hakuna fimbo. Nikangoja hadi nikaanza kuogopa kitu kingine kabisa. Labda amelala. Labda hakusikia tangu mwanzo. Labda nimekaa hapa nikimsomea mtu ambaye hayupo, na siwezi kunyanyua pazia niangalie. Jua lilikuwa linaishia nyuma ya kilima na ukuta ulikuwa kimya, kimya kabisa.

"Tata," nikasema, na sasa nililia bila kujificha, "mimi nimeanguka."

Fimbo ikagonga ukuta kwa nguvu, mara moja, hadi vumbi la dirisha likanimwagikia kichwani.

Sikuinuka. Nikasikia Mama Tryphosa jikoni akiuliza ni nani huyo anabomoa nyumba na Sabato inaingia.